Vifo vya sumu ya ghafla: maana yake na chanzo chake

Sumu ya ghafla ni ile inayomdhuru mtu ndani ya saa au siku chache baada ya kumeza, kuvuta kwa pumzi au kuguswa na kitu chenye sumu. Sumu ya polepole ni jambo jingine. Hiyo hujilimbikiza mwilini kwa miaka. Wataalamu wa afya ya jamii hawaishii kwa mgonjwa mmoja. Huuliza wanaokufa ni akina nani, kwa sumu ipi, waliipatia wapi, na kama ilikuwa ajali, kula bila kujua, au kujidhuru.

Wanaolazwa si lazima wawe ndio wanaokufa. Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki huletwa watoto wadogo waliokunywa mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya soda, na wengi wao hupona. Hatari yenyewe ni mafuta kuingia mapafuni, kwa hiyo mtoto huyo asitapishwe, akimbizwe hospitali. Viuatilifu vikali vya shambani, yaani dawa za kuulia wadudu na magugu, havina huruma hiyo: kati ya wanaovimeza, sehemu kubwa hufa hata wakifika wodini.

Hapo ndipo Sri Lanka inapotufundisha zaidi. Katikati ya miaka ya 1990 nchi hiyo ilikuwa na kiwango cha kujiua kilichokuwa miongoni mwa vya juu kabisa duniani, takriban watu 47 katika kila 100,000, na viuatilifu vilichangia sehemu kubwa. Dawa hizo zilikuwa ndani ya nyumba za wakulima, karibu na mkono wa mtu aliyezidiwa na uchungu wa saa moja. Mwaka 1995 serikali ilizuia viuatilifu vya daraja la hatari zaidi vilivyokuwa bado vikiuzwa, na kati ya 2008 na 2011 ikaondoa vingine vitatu. Ndani ya miaka 20 hivi kiwango cha kujiua kikashuka kwa zaidi ya theluthi mbili, na mavuno hayakuporomoka kama ilivyohofiwa. Watu waliendelea kugombana, kudaiwa na kukata tamaa; lakini zile dawa kali zaidi hazikuwapo tena mkononi, na walionusurika walipata kutibiwa na kusikilizwa, na wengi wa wanaonusurika hawajiui baadaye. Kwangu mimi huo ni ushahidi kwamba anayeamua kipi kiuzwe dukani huokoa maisha sawa na daktari.

Kenya ina mikondo mingine. Mwaka 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi baada ya kunywa pombe haramu iliyochanganywa na methanoli, aina ya alkoholi ya viwandani isiyofaa kunywewa. Mwili huigeuza methanoli kuwa asidi inayoua macho na kuchafua damu, tena dalili huweza kuchelewa hata siku nzima, mnywaji akidhani ni uchovu wa ulevi tu. Anayeona ukungu machoni baada ya kunywa asilale kusubiri kupambazuke.

Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na maeneo jirani, muuaji alikuwa mahindi. Yalihifadhiwa yakiwa na unyevu, yakaota kuvu inayotoa sumukuvu aina ya aflatoksini, na ini likaharibika kwa haraka. Waliougua walikuwa 317, na 125 kati yao walikufa. Hakuna aliyekusudia lolote. Familia zilikula ugali wao wa kila siku.

Mkondo kama huu hauonekani iwapo cheti cha kifo kimeandikwa neno moja tu, “sumu”. Wakati ule wa 2004 wachunguzi walipima mahindi ya majumbani na sokoni, na yaliyochafuka yakaondolewa, watu wakapewa chakula kingine. Hilo liliwezekana kwa sababu sumu yenyewe ilikuwa imetambuliwa kwa jina.