Mwingiliano wa dawa si kuchanganya vidonge

Mwingiliano wa dawa ni pale kitu kimoja ulichomeza kinapobadilisha kazi ya dawa nyingine mwilini: kuizidisha, kuipunguza, hata kuifanya sumu. Maana yake ni hiyo tu. Kinachonisumbua ni neno "kuchanganya", ambalo hapa Bukavu watu wanalitumia mahali pa mwingiliano, na linaumiza wagonjwa.

Mama mmoja alifika kwenye dirisha la farmasi yetu, Kadutu, na vifuko viwili vya nailoni, kila kimoja na fundo lake. Kimoja kilikuwa na Largactil ya kijana wake anayesikia sauti. Cha pili kilikuwa na Valium, dawa ya kutuliza, aliyoinunua sokoni kwa ushauri wa jirani. Usiku kijana aliinuka kwenda chooni, akaanguka kwenye ngazi ya simenti, akapasuka juu ya jicho. Asubuhi kumwamsha ilikuwa taabu.

"Muganga, hii namupatiaka saa moja ya magaribi, ile ingine saa tatu. Haziwezi kutana."

Mama huyu ni mwangalifu kuliko wengi. Neno ndilo lililompotosha.

Kuchanganya ni kazi ya sufuria: unga na maji. Ukivitenga, havichanganyiki. Mwingiliano una ukoo mwingine: ingia, ingilia, ingiliana. Mtu akikuambia "usiniingilie", hakukatazi kukaa naye, anakukataza kugusa mambo yake. Ndivyo ilivyo kwa dawa: zinaingiliana kwenye kazi zao, hata kama zimemezwa kwa zamu. Kloropromazini, ambayo ndiyo dawa yenyewe ndani ya Largactil, huchukua yapata saa 30 kupungua nusu mwilini. Diazepamu, yaani Valium, huweza kufika siku mbili. Zile saa mbili za mama hazikutenganisha kitu. Kijana alipata usingizi juu ya usingizi, na aliposimama presha ikashuka. Ingezidi kidogo, pumzi nazo zingepungua. Hospitalini wakati mwingine huzitoa pamoja, lakini kwa kipimo, na kuna mtu anayemchunga mgonjwa.

Hata jina Largactil linasema jambo hili. Limeundwa kutokana na wazo la kazi pana. Mwaka 1952, jijini Paris, madaktari Jean Delay na Pierre Deniker waliitumia kwa wagonjwa wa akili, na kazi inayotakiwa hapo ni kuzuia dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo. Lakini dawa hii inazuia pia histamini, kemikali nyingine ya mwili inayosaidia kutuweka macho, ndiyo maana inaleta usingizi. Inalegeza mishipa ya damu, ndiyo maana mtu anasimama na kuona giza. Tena inaweza kuchelewesha umeme wa moyo, ule unaoufanya upige. Kinini nayo, ambayo sisi wa Bukavu tumeizoea kwa kuwa miti yake inalimwa kwenye vilima vya Kivu na dawa inatengenezwa humu humu mjini, inaweza kuchelewesha umeme huo huo. Mgonjwa wa akili akishikwa na malaria, anayemwandikia kinini lazima aambiwe kuhusu Largactil. Moyo huenda usitoe onyo.

Dawa za presha, tramadoli ya maumivu, kasiksi ya jioni, yaani pombe yetu ya ndizi: zote zinaingiliana na Largactil. Kasiksi si kidonge, lakini ubongo hauulizi kitu kimetoka kwenye pakiti au kwenye kikombe.

Kuna mahali ambapo mama yule angekuwa sahihi. Dawa za kiungulia zenye alumini au magnesi huzuia kloropromazini isifyonzwe vizuri, na hilo hutokea tumboni kweli. Hapo kupishanisha saa kunasaidia. Hapo sema kuchanganya, sitakubishia.

Nilimwomba asikatishe Largactil ghafla, Valium aiache imefungwa, na arudi siku hiyo hiyo kwa daktari wa kijana, pamoja na kijana mwenyewe na vifuko vyote viwili. Na wewe ukija dirishani, badala ya "naweza kuzichanganya?" uliza "zitaingiliana?" Kisha taja na zile za jana na juzi.