Makala (makaa), barafu na ndimu: yasiyo kweli kuhusu terasi za Lubumbashi

Jua likianza kulegea, mnamo saa kumi na moja, viti vya plastiki hutolewa nje, mbabula (jiko la makala) huwashwa, na baadhi ya baa hushusha bei kwa muda wa saa mbili hivi. Kuanzia mtaa wa Kamalondo hadi ule wa Bel-Air maneno huwa mengi kuliko chupa. Haya hapa ni yale yanayorudiwa sana, na mengi hayana mguu.

"Kokteli ndiyo inalewesha, bia ni ya kupoza koo"

Tupige hesabu. Chupa kubwa ya sentilita 72 yenye asilimia 5 ya kileo ina mililita 36 za kileo safi, yaani kama gramu 28. Kokteli iliyotengenezwa kwa kipimo cha mililita 50 za jini au ramu ya asilimia 40 ina mililita 20, kama gramu 16. Aliyekunywa "bia moja tu" amekaribia kumfikia mwenzake aliyemaliza kokteli mbili. Ini huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa, kwa hiyo chupa hiyo moja huchukua saa tatu au nne kutoka mwilini. Kahawa, maji baridi usoni na pilipili haviharakishi kitu. Michopo, yaani nyama ya mbuzi ya kuchoma, nayo husaidia ikitangulia, kwa sababu tumbo lenye chakula huchelewesha kileo kuingia damuni. Ukila ukiwa umeshalewa, umeshiba tu.

"Barafu nyingi ni wizi"

Hili ndilo linaloharibu vinywaji vingi kuliko yote. Mteja anaomba vipande viwili tu akidhani atapata pombe zaidi, kumbe kipimo ni kilekile. Kinachobadilika ni maji. Glasi iliyojaa barafu hubaki baridi na barafu huyeyuka taratibu. Vipande viwili hupambana peke yao na kinywaji chenye joto, vinaisha upesi, na unabaki na kitu cha uvuguvugu kisicho na ladha.

Kokteli ya ndimu inayosimama vizuri ni hivi: mililita 50 za pombe, mililita 25 za maji ya ndimu, mililita 20 za sharubati ya sukari (sukari na maji sawa kwa sawa). Jaza kitikisio barafu ngumu, tikisa kwa nguvu sekunde 12, chuja. Hapo barafu imeshatoa karibu mililita 30 za maji, na maji hayo ni sehemu ya kinywaji: ndiyo yanayoshusha ukali hadi asilimia 16 hivi. Umeme ukikatika mchana na barafu ikaloa kabla ya kuganda tena, hutoa maji zaidi kwa muda uleule. Mhudumu mzuri wa kaunta humwaga kwanza maji yaliyotuama kwenye barafu, kisha hutikisa sekunde 8 badala ya 12. Mtazame mikono. Hilo litakuambia mengi kuliko mwavuli wa karatasi juu ya glasi.

Ndimu ikamuliwe siku hiyohiyo. Maji yake yakilala, harufu hupotea na uchungu hubaki. Maracuja (pasheni) ni tamu kwenye kokteli, lakini haichukui nafasi ya ndimu, kwa kuwa ukali wake ni mdogo: kwa mililita 30 za maracuja ongeza mililita 10 za ndimu, la sivyo utakunywa juisi. Sharubati ya tangawizi hutaka gramu 100 za tangawizi iliyotwangwa, gramu 200 za sukari na mililita 200 za maji. Chemsha dakika 10, funika ipoe, chuja. Usiweke ndimu humo ikiwa motoni.

"Barafu hata ikiwa chafu, pombe itaua vijidudu"

Haiui. Kusafisha kwa kileo kunahitaji asilimia 60 au zaidi, na tumeona kokteli ina 16. Kugandisha nako hakutibu maji: vimelea vya kipindupindu vinaweza kuvumilia baridi ya frigo. Maji ya barafu yachemke kwanza. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, basi dakika moja ya kuchemka kwa mapovu makubwa inatosha. Maji yaliyotiwa klorini yasubiri dakika 30. Muulize mhudumu barafu imetoka wapi. Akijibu kwa hasira, bia iliyofungwa itakufaa.

"Michopo myeusi ndiyo iliyoiva"

Weusi ni masizi. Mafuta ya mbuzi yakidondoka penye miale, moto huruka na kuacha uchungu juu ya nyama, huku ndani bado ni mbichi. Makala huwa tayari yakishavaa jivu la kijivu na miale imekufa. Weka kiganja sentimita 12 juu ya wavu: ukiweza kuvumilia sekunde nne au tano, ndio moto wenyewe. Vipande vya sentimita 3 huiva kwa usawa; vikubwa zaidi huungua nje kwanza.

Ugumu nao si lazima uwe kosa la mchoma michopo. Mguu wa mbuzi una nyuzi zinazolainika kwa moto mdogo wa muda mrefu, na juu ya mbabula hakuna muda huo. Agiza mbavu. Papai bichi lililosagwa hulainisha kweli, ila nusu saa inatosha. Likilala usiku kucha nyama hugeuka uji kwa nje. Kuhusu uzito, uliza kama kilo ni ya mbichi au ya iliyochomwa, maana kilo mbichi hurudi mezani ikiwa gramu 650 hadi 700.

"Munkoyo ni ya watoto"

Munkoyo ni kinywaji cha mahindi kinachochachuka. Siku ya kwanza, sawa, karibu haina kileo. Mizizi iliyotwangwa hufanya uji wa mahindi uwe mwepesi na mtamu, kisha uchachu huanza. Ikilala siku mbili au tatu, hasa kwenye joto la Oktoba, imeshakuwa pombe. Wanaoichanganya kwenye kokteli watumie ya siku hiyo, na chupa isifungwe kwa nguvu: gesi itaipasua.

"Lutuku ikiwaka buluu ni salama"

Lutuku ni pombe kali ya kienyeji inayotoneshwa kwa mvuke, na hofu yake ni methanoli, kileo chenye sumu. Methanoli pia huwaka buluu. Mwali hauonyeshi chochote, na ulimi pia hauonyeshi. Mahindi yenyewe hutoa methanoli kidogo sana. Balaa huja mtu anapoongeza spiriti ya viwandani ili kukuza mtungi. Radieta ya gari ikitumika kupozea mvuke, madini ya risasi ya maungio yake huingia kwenye pombe vilevile. Hakuna kokteli inayostahili chupa isiyo na lebo wala kizibo kilichofungwa.

Dalili za methanoli huchelewa, mara nyingi saa 12 hadi 24: tumbo kuuma, kupumua kwa haraka, macho kuona ukungu. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, na daktari aambiwe wazi alichokunywa. Dawa ipo, lakini maziwa si mojawapo.

"Ukifika kabla ya saa za punguzo kuisha, utalipa bei ya punguzo"

Inategemea baa inahesabu saa ya kuagiza au saa ya kuleta. Uliza ukikaa, na uliza pia kama bei ni ya franga au dola, na kwa kiwango gani. Nyama iagizwe kwanza, kwani mbabula huchukua dakika 40, kokteli dakika tatu.