Meza chache na kabati la mikate: dhana potofu kuhusu mgahawa wa Kimeksiko

Ukitaja chakula cha Meksiko mbele ya watu, wengi huwaza taco ngumu, chapati ya mahindi iliyokunjwa ikajazwa nyama, inayovunjikia mkononi, jibini la njano na pilipili ya kutoa machozi. Picha hiyo imesambazwa na migahawa ya Kimarekani yenye matawi kila mji. Mgahawa wa familia, ule wenye meza chache upande mmoja na kabati la mikate upande wa pili, hupikia watu wengine kabisa: majirani waliotoka majimbo ya Meksiko kama Jalisco, Puebla au Michoacán, wanaokumbuka mama zao walivyopika. Wasomaji mlio Houston, Dallas au Chicago, migahawa hii iko mitaani kwenu. Anayeingia na picha ya matangazo kichwani huishia kuagiza kitu ambacho jikoni hakikuwashughulisha, na kile walichokiamkia alfajiri kikampita.

Dhana: kila chakula kinawasha

Pilipili kali hukaa mezani, si chunguni. Utaletewa vibakuli vya salsa, mchuzi wa pilipili wa kujitilia, kiasi ni juu yako. Pozole, supu ya punje kubwa za mahindi na nyama, huja na kabichi, figili, ndimu na oregano pembeni, kila mtu akajitilia apendavyo. Pilipili kavu za kupikia mchuzi, kama ancho na guajillo, hutafutwa kwa rangi na ladha zaidi kuliko ukali. Ila rangi ya salsa isikudanganye: ya kijani mara nyingi huchoma kuliko nyekundu, na ile ya rangi ya chungwa huenda ni ya habanero, pilipili ya ukoo mmoja na pilipili mbuzi. Mtu wa Pwani ataitambua kwa harufu tu.

Dhana: tortilla ni chapati ya sembe

Hapa pana elimu. Mahindi makavu huchemshwa na chokaa ya chakula, yakalowekwa usiku kucha, yakaoshwa hadi maganda yatoke, kisha yakasagwa yangali na majimaji. Donge linalopatikana huitwa masa, ndilo linalofanywa tortilla, nalo hushikana na kukunjika bila kupasuka. Ukikanda sembe kwa maji ya moto ukaisukuma, kingo zitachanika, kwa sababu chokaa haijapita hapo.

Chokaa hiyo ina kazi kubwa kuliko kulainisha. Huifungua niasini, vitamini ambayo kwenye punje ya mahindi imefungwa kiasi kwamba mwili hauipati. Mahindi yalipovuka bahari baada ya Columbus, mbegu zilisafiri lakini ujuzi wa chokaa ukabaki nyuma. Ndipo pelagra, ugonjwa wa kubabuka ngozi, kuharisha na kuvurugika akili, ikawatesa maskini wa kaskazini mwa Italia na baadaye wa kusini mwa Marekani, watu waliokula mahindi karibu kila mlo. Mwaka 1990 iliwapiga wakimbizi wa Msumbiji walioko Malawi, mgao wao wa karanga ulipokatika wakabaki na mahindi. Kwa hiyo ukikuta mgahawa unaochemsha na kusaga mahindi yake wenyewe, huo unastahili safari. Wengi siku hizi hununua unga wa masa wa pakiti. Si kosa, ila ladha haifanani.

Dhana: tortilla ya ngano ni uzushi wa Wamarekani

Hapana. Ni ya kaskazini mwa Meksiko, Sonora na Chihuahua, kulikostawi ngano. Burrito, tortilla ya ngano iliyoviringishwa na kujazwa nyama au maharage, nayo ni ya huko.

Dhana: cha asili ni kile kisichochanganyika

Tazama nyama ya al pastor inavyozunguka kwenye mhimili wake na utajua umeiona wapi. Wahamiaji kutoka Lebanon walifika Puebla na shawarma yao, na kadiri miaka ilivyokwenda kondoo akawa nguruwe, viungo vikawa pilipili na achiote, mbegu nyekundu za kutia rangi, na juu ya mhimili likapanda nanasi. Ngano waliileta Wahispania karne ya 16. Kwenye mitungi ya vinywaji pale kaunta kuna ukwaju, mti wenye asili ya Afrika, na kile chekundu kiitwacho jamaica si kingine bali rosella, choya yetu. Simwelewi kabisa mtu anayeingia pale na kuuliza kama chakula ni halisi. Halisi ya mwaka gani?

Dhana: asiyekula nguruwe aagize maharage, atakuwa salama

Hii ndiyo dhana yenye madhara zaidi kwa wasomaji wetu, Waislamu na Waadventista hasa. Maharage ya kupondwa mara nyingi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Unga wa tamale, masa inayofungwa kwenye maganda ya mahindi na kupikwa kwa mvuke, huumuliwa kwa mafuta hayohayo. Tortilla za ngano za kienyeji nazo huwa nayo, na baadhi ya mikate mitamu pia. Pozole kwa kawaida ni ya nguruwe, na chorizo, soseji ya nguruwe yenye viungo, hujificha hata kwenye mayai ya asubuhi. Mla mboga naye ajue kwamba wali mwekundu huenda umepikwa kwa supu ya kuku.

Uliza hivi: "¿Lleva manteca?", yaani kina mafuta ya nguruwe? Faida ya mgahawa wa familia ni kwamba anayekujibu ndiye aliyekaanga, au ni binti yake. Hakuna haja ya kuona haya.

Dhana: kilichoandikwa ukutani ndicho kilichopo

Jumamosi na Jumapili hutokea vyungu ambavyo siku za kazi havipo. Menudo ni supu ya utumbo wa ng'ombe, inanywewa asubuhi, na wengi huifuata baada ya usiku wa pombe. Mnywaji wa supu wa Dar es Salaam hahitaji maelezo zaidi. Ikifika mchana huenda imekwisha.

Watu wa kudamka ndio walioijenga migahawa ya aina hii. Mi Tierra ya San Antonio, Texas, mgahawa na duka la mikate kwa pamoja, ilifunguliwa mwaka 1941 na Pedro na Cruz Cortez ikiwa na meza 3, kwa ajili ya wakulima na wafanyakazi wa sokoni. Leo ni jumba kubwa la kuchukua mamia ya walaji, na bado ni ya ukoo huo.

Dhana: Mei 5 ni siku ya uhuru wao

Uhuru huadhimishwa Septemba 16. Mei 5 ni ushindi dhidi ya Wafaransa huko Puebla, mwaka 1862, na sherehe zake ni kubwa zaidi Marekani kuliko Meksiko kwenyewe.

Dhana: mikate ile ni ya baada ya kula, nayo ni sukari tupu

Mikate ina wakati wake: asubuhi, na tena jioni, pamoja na kahawa au chokoleti ya moto. Huna haja ya kusubiri kuhudumiwa: unachukua sinia na koleo mlangoni, unachagua mwenyewe, unapeleka kaunta ukahesabiwe. Concha, ule wa mviringo wenye michirizi ya gamba la kombe, una sukari juu tu. Ndani ni mkate mwororo usio mtamu sana. Bolillo hauna utamu kabisa, ndio unaopasuliwa ukajazwa nyama.

Mikate mingine hufuata kalenda. Pan de muerto huokwa kuelekea Novemba 1 na 2, siku za kuwakumbuka marehemu. Januari 6 ni zamu ya rosca de reyes, mkate wa duara wenye kitoto cha plastiki kilichofichwa ndani. Kata polepole, utafune kwa uangalifu. Kikiwa kwenye kipande chako, desturi inakudai: Februari 2 utawalisha wote waliokuwa mezani tamale, na hawatasahau.