Kukonda si sehemu ya uzee

Katika familia nyingi za Nairobi, mzee anapopungua mwili husemwa kuwa ni umri tu. Imani hiyo si sahihi. Ni kweli kwamba misuli hupungua kadiri miaka inavyosonga, lakini kupoteza zaidi ya kilo 3 ndani ya miezi 3 bila kukusudia ni jambo la kuchunguzwa, hata kwa mzee mnene, kwani unene unaweza kuficha utapiamlo.

Kipimo kifupi cha lishe ya wazee kiitwacho MNA (Mini Nutritional Assessment) kina maswali 6, yakiwemo ya hamu ya kula, uzito, kutembea na ugonjwa wa karibuni. Alama 12 hadi 14 ni salama, 8 hadi 11 zaonyesha hatari, na 7 kushuka chini ni utapiamlo. Asiyeweza kusimama kwenye mizani, awe wodini au kitandani kwake Kayole, huzungushiwa tepu ya kupimia kwenye shavu la mguu, sehemu yake nene kabisa, na akipatikana chini ya sentimita 31 hapati alama yoyote katika swali la uwiano wa uzito na urefu, ambalo tepu hushika nafasi yake.

Hospitalini apimwe anapolazwa, na katika makao ya wazee kila miezi 3. Nyumbani ndiko ninakohofia zaidi, maana huko sahani inayorudi jikoni ikiwa nusu haiandikwi na yeyote.