Dakika nyingi kwenye tovuti ya maktaba si lazima ziwe habari njema

Wengi huamini kwamba mtu akikaa muda mrefu kwenye tovuti ya maktaba ya chuo kikuu, basi imempendeza. Ni dhana inayoeleweka. Dukani, mteja anayezunguka huenda akanunua. Lakini mwanafunzi huja na shida moja: saa za kufunguliwa, kitabu fulani, makala ya jarida. Akipata jibu kwa sekunde 20 na kuondoka, tovuti imefanya kazi. Anayehangaika dakika 10 huenda amepotea.

Kipimo chenyewe nacho kina kasoro. Baadhi ya programu zinazohesabu wageni wa tovuti hukadiria muda kwa kulinganisha kufunguliwa kwa ukurasa mmoja na unaofuata, kwa hiyo ukurasa wa mwisho mara nyingi hauhesabiwi vizuri. Tena, kompyuta za maktaba zikifungukia tovuti hiyo zenyewe, kila anayewasha kivinjari anahesabiwa kuwa mgeni!

Ukitaka kuhakiki, ondoa kwanza kompyuta hizo kwenye hesabu. Kisha soma maneno yanayoandikwa kwenye kisanduku cha kutafutia, hasa yasiyoleta jibu. Halafu mwombe mwanafunzi atafute kitabu kimoja, nawe utazame bila kumsaidia.