Krimu yenye polima ya bakteria si krimu ya vijidudu

Juzi dukani Kariakoo dada mmoja aliirudisha krimu rafuni aliposikia kiungo chake kimetoka kwa bakteria. "Nijipake vijidudu usoni?" Hapana, dada yangu. Kinachotiwa koponi ni ute wao tu.

Bakteria wapenda chumvi, kama wa jamii ya Halomonas, hustawi kwenye maji makali mfano wa yale ya mashamba ya chumvi Kunduchi. Kiwandani hulishwa sukari ndani ya tangi la maji ya chumvi, ambayo vijidudu vingine vingi haviyawezi. Hutoa ute wa minyororo ya sukari, yaani polima. Bakteria huondolewa, ute ukatengwa kwa alkoholi na kukaushwa. Ukikoroga unga wake kidogo majini, yanavutika kama mlenda. Minyororo hiyo ya sukari hushika maji, na ndiyo inayosaidia kutunza unyevu ngozini.