Kutibiwa kwa mazungumzo si kuambiwa unajifanya mgonjwa

Mtu aliyeumwa mgongo miaka mingi akielekezwa kwa mwanasaikolojia, huumia moyo: "Kwani mimi nina wazimu?" Hapana. Maumivu yake ni ya kweli kabisa. Tiba ya fikra na tabia, aina ya tiba ya mazungumzo ambayo daktari wa magonjwa ya akili Aaron Beck aliiwekea msingi Marekani miaka ya 1960 akitibu sonona, haimshawishi mtu kwamba haumwi. Hofu ya kuumia zaidi humfanya aache kutembea. Misuli inadhoofika, usingizi unapaa, maumivu yanazidi. Mzunguko huo ndio tiba hii inaouvunja, kidogo kidogo. Kwa maumivu sugu nafuu yake si kubwa, tuseme ukweli. Kwa ukosefu sugu wa usingizi ina nguvu zaidi: mwaka 2016 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilishauri watu wazima waanze nayo kabla ya vidonge.